Amiba Isiyopona

Mtoto ana miaka minne. Mama yake anaweka juu ya meza ya daktari vitu viwili: daftari la kliniki lililolainika kwa kukunjwakunjwa, na kadi ya ukuaji. Daftari lina kurasa tano zinazosema jambo moja: kuhara damu, choo kimepimwa, amiba imeonekana, Flagyl siku tano. Kurasa tano katika miezi minane. Kila baada ya dawa mtoto hupata nafuu wiki mbili tatu, kisha damu hurudi, na ute, na yale maumivu yanayomwamsha usiku wa manane akimbilie chooni. Kadi nayo ina habari yake. Mstari wa uzito uliopanda vizuri hadi alipotimiza miaka mitatu umelala, na sasa unaanza kuinama. Daktari anafungua daftari, analipitia haraka, anachukua kalamu aandike ukurasa wa sita.

Mtoto huyu hana jina, kwa kuwa anasimama hapa kwa niaba ya wengi. Wazazi wa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura watalitambua daftari lake. Watoto wa wengi wao walikuwa na maambukizi kweli, wakatibiwa, wakapona, na hao hawana shida na makala haya. Yanamhusu yule asiyepona.

Ipo kauli iliyozoeleka katika zahanati zetu, na husikika hata midomoni mwa waganga waliosoma sana. Kwamba mchochota sugu wa utumbo, yaani utumbo unaovimba na kutoka vidonda kwa sababu kinga ya mwili imegeuka kuushambulia, ni ugonjwa wa Wazungu tena wa watu wazima. Mtoto wa Kiafrika anayehara damu, basi ni amiba, taifodi au minyoo, hapana la nne. Kauli hiyo si kweli. Na kwa kuwa inasemwa na watu wanaoaminiwa, madhara yake ni makubwa kuliko ya uvumi wowote wa mtaani.

Kwanza tulielewe jina, maana lenyewe limezua mkanganyiko. Mtu akisikia vidonda hufikiria vidonda vya tumbo, vile vya kiungulia vinavyotibiwa kwa omeprazoli. Hivi ni vingine. Ugonjwa huu una sura mbili kubwa. Ule wa Crohn unaweza kupiga popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ukishika sehemu hii na kuruka ile, na huchimba ukuta wa utumbo hadi ukatokea upande wa pili. Mwenzake, kolaitisi ya vidonda, hukaa kwenye utumbo mpana. Kwa kawaida huanzia mwisho wa utumbo na kupanda. Sura zote mbili huwaka na kutulia, huwaka na kutulia.

Kutulia huko ndiko kunakowadanganya waganga. Dawa ikimezwa wiki ile ambayo ugonjwa ungetulia wenyewe, sifa huenda kwa dawa. Flagyl inazidisha udanganyifu huo, kwa sababu metronidazoli iliyomo huwapunguzia makali baadhi ya wagonjwa wa Crohn, hasa wenye majipu na matundu ya usaha kando ya njia ya haja kubwa. Basi mama anarudi nyumbani akiwa na moyo mkunjufu, daktari anaamini alipatia, na utumbo unaendelea kuliwa.

Imani kwamba Mwafrika haugui haya haikuzuka vijiweni. Ilipata nguvu wodini, tena Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago kwa miaka mingi, na mwaka 1958 akaeleza saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo. Baadaye aligeukia chakula. Aliona kuwa Waafrika wa vijijini, wanaokula nyuzinyuzi nyingi, hawafiki hospitalini na saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo wala mchochota wa utumbo kama wanavyofika Waingereza. Yeye na Hugh Trowell, aliyewahi kutibu Kenya na Uganda, wakahariri kitabu mwaka 1981 wakiyaita magonjwa ya namna hiyo ya Kimagharibi.

Burkitt alikuwa mchunguzi hodari, na alichokiona alikiona. Lakini hospitali huwaona wanaofika. Mtoto aliyekonda na kufa kijijini kwa kuhara katika miaka ya 1950 hakuacha kipande cha utumbo chini ya darubini ya mtu yeyote, na mpira laini wenye kamera wa kuchungulia utumbo wa mtoto ulikuwa bado haujaingia katika kazi za kila siku popote duniani. Kutokuwepo kwake katika vitabu vya hospitali kulikuwa na maana moja tu: hakuandikwa. Tena ushahidi wa kinyume ulianza mapema. Mwaka 1970, kabla kitabu cha Burkitt na Trowell hakijatoka, British Medical Journal lilichapisha ripoti ya Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne ni wachache. Hata hivyo wanatosha kulivunja neno hakuna.

Tukumbuke pia kwamba New York yenyewe iliwahi kuwa mji usio na ugonjwa wa Crohn. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 1932, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa Hospitali ya Mount Sinai walipoeleza wagonjwa 14 ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba, umekuwa mgumu na kuziba. Watu wa aina hiyo walikuwapo miaka yote. Walikuwa wakiandikiwa kifua kikuu cha utumbo. Huko Glasgow, Kennedy Dalziel alikuwa ameshaeleza hali hiyo hiyo mwaka 1913, akasema inafanana na kifua kikuu ila bakteria wake hawaonekani, na maneno yake yakalala kwenye makabati. Mgonjwa wa New York alikuwa na jina lisilo lake kama alivyo nalo leo mtoto wa daftari letu.

Afrika nayo ina kumbukumbu ya jambo hili, na ni kumbukumbu chungu. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari aliyekuwa Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika habari za watoto wanaovimba miguu, ngozi ikibambuka na nywele zikipoteza rangi baada ya kuachishwa ziwa. Miaka miwili baadaye akalitumia jina walilolitumia wenyeji: kwashiorkor. Wakubwa wa tiba za nchi za joto wakambishia, wakasema hiyo ni pelagra tu, ugonjwa waliokuwa wakiujua tayari. Kati ya walioupigania ugonjwa huo utambuliwe baadaye ni huyo huyo Trowell, akiwa Mulago. Watoto hao walikuwa wamejaa wodini, mbele ya macho ya kila mtu.

Turudi kwenye amiba.

Mtaalamu wa maabara huchukua choo kwa kijiti, hukipaka kwenye kioo, huongeza tone la maji ya chumvi, hufunika, hutazama. Anaona kiduara chenye viini vinne. Anaandika Entamoeba histolytica, anapiga muhuri, na kuanzia hapo karatasi ile inakuwa hukumu. Lakini kiduara hicho kinaweza kuwa cha Entamoeba dispar, kiumbe anayeishi utumboni bila kumdhuru mwenyeji wake. Hao wawili wanafanana kiasi kwamba hadi mwaka 1993 ndipo spishi hizo zilipotenganishwa rasmi kwa maelezo mapya, na darubini peke yake haiwezi kuwatofautisha, isipokuwa ikionekana amiba hai iliyomeza chembe nyekundu za damu. Karatasi nyingi zinazosomeka "amiba imeonekana" hazisemi lolote kuhusu chembe hizo.

Shirika la Afya Duniani limelisema hili waziwazi katika mwongozo wake wa kutibu kuhara: amiba si chanzo cha kawaida cha kuhara damu kwa watoto wadogo, na dawa yake isitolewe mpaka amiba yenye chembe nyekundu za damu ionekane katika maabara ya kuaminika, au dawa mbili tofauti za bakteria wa Shigella ziwe zimejaribiwa bila nafuu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulitafuta visababishi vya kuhara kukali kwa watoto wa chini ya miaka 5. Vinne vilivyoongoza vilikuwa virusi vya rota, Cryptosporidium, Shigella na aina moja ya bakteria wa E. coli. Amiba haimo katika hivyo vinne. Kwa hiyo hata pale ambapo mtoto ana maambukizi ya kweli, jibu la amiba mara nyingi ni jibu la mazoea. Taifodi inayosomwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, haina afadhali: katika nchi ambako watu wengi wameshakutana na bakteria wake, kipimo hicho huwaonyesha wazima kuwa wagonjwa.

Hoja inayomaliza ubishi wa Wazungu na Waafrika, hata hivyo, inatoka kwa watoto wadogo kabisa. Madaktari wameupa ugonjwa unaoanza kabla ya miaka 6 fungu lake, na unaoanza kabla ya miaka 2 fungu dogo zaidi ndani ya hilo, kwa sababu hapo mara nyingi zaidi kuliko kwa wakubwa chanzo ni hitilafu ya jeni moja. Mwaka 2009 watafiti walieleza watoto ambao kipokezi cha interleukini-10 kilikuwa kimeharibika. Interleukini-10 ndiyo sauti inayoiambia kinga ya mwili itulie. Kipokezi kikifa, kinga haisikii, na utumbo unawaka tangu mtoto akiwa na miezi michache. Mmoja wa watoto hao alipandikizwa uboho, na ugonjwa ulioshinda dawa zote ukatulia.

Mwaka huo huo, huko Wisconsin, Marekani, mtoto mdogo wa kiume aliyekuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara 100, utumbo wake ukitoboka na kuchuruzika usaha kila mara, alisomewa jeni zake. Ikapatikana kasoro katika jeni ya XIAP. Akapandikizwa seli za damu ya kitovu, akaanza kula chakula cha kawaida.

Sasa mtu atuambie: mtoto wa miezi mitano anayenyonya maziwa ya mama peke yake amekula chipsi za wapi? Ameishi maisha gani ya Kizungu? Hoja ya nyuzinyuzi, hata tukiikubali yote kwa mtu mzima wa mjini, haimfikii mtoto huyo. Hitilafu za jeni za namna hii huhitaji mara nyingi kurithiwa kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, na familia zilizoelezwa katika utafiti wa 2009 zilikuwa za wazazi wenye udugu wa damu. Katika mwambao wetu na Oman ndoa za binamu ni za kawaida na zina heshima yake. Hakuna anayelaumiwa hapa. Ila daktari anayemwona mtoto mchanga akihara damu wiki nenda wiki rudi ana wajibu wa kuuliza, kwa adabu, "Mama, wewe na baba yake mna udugu? Mmewahi kupoteza mtoto mwingine akiwa mchanga?" Maswali hayo mawili hayahitaji mashine.

Kwa watoto wakubwa kidogo, habari za Kanada zinafundisha. Kati ya mwaka 1999 na 2010 ugonjwa huu kwa watoto wa miaka 5 kushuka chini uliongezeka huko kwa takriban asilimia 7 kila mwaka, kasi kuliko kwa rika lolote la watoto wakubwa. Na walipochunguzwa wahamiaji, ilionekana kadiri mtu alivyowasili akiwa mdogo ndivyo hatari yake ya kuugua ilivyokuwa kubwa. Maana yake damu ya mtu haina kinga ya asili aliyokuja nayo kutoka kwao. Kinachobadilika ni mazingira, na mazingira ya Kariakoo, Eastleigh na Ntinda yanabadilika kila siku.

Wako wanaoleta hoja ya minyoo: kwamba mtoto wetu amezoea minyoo, minyoo hutuliza kinga ya mwili, hivyo amesalimika. Wazo hilo si la kipuuzi; lilipelekwa hadi kwenye majaribio ya kuwanywesha wagonjwa wa Crohn mayai ya minyoo wa nguruwe. Jaribio kubwa lilipofanyika, matokeo ya mwaka 2013 hayakuonyesha faida ya kutosha juu ya dawa bandia. Zaidi ya hapo, watoto wetu hupewa dawa za minyoo mashuleni na kwenye kampeni za afya. Hatuwezi kuwatoa minyoo kwa mkono mmoja na kuitegemea iwalinde kwa mkono mwingine.

Upande wa pili una hoja moja nzito, na haifai kuiruka. Kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana hata mbele ya daktari bingwa mwenye kamera na darubini. Mtoto mwenye kifua kikuu akipewa prednisoloni au dawa za kuzima kinga kwa kudhaniwa ana Crohn, kifua kikuu kitasambaa na kinaweza kumuua. Katika nchi zetu maambukizi ndiyo mengi, na kuanza na maambukizi ni sahihi. Hakuna anayesema mtoto wa siku tatu za kuhara damu akimbizwe kwenye kamera. Huyo anahitaji siprofloksasini, maji ya chumvichumvi na zinki. Ila hoja hiyo inadai uchunguzi uwe wa makini zaidi. Anayeogopa kukosea kati ya kifua kikuu na Crohn anapaswa kuutazama utumbo na kukata kinyama kipimwe. Kuandika Flagyl kwa mara ya sita hakumlindi mtoto na kifua kikuu, wala na Crohn.

Kisha linakuja lile jibu la kukata tamaa: hata tukiujua, vifaa hatuna na dawa hatuna. Jibu hilo linasikika kama huruma, lakini linamfungia mtoto mlango kabla hajabisha. Hatua za kwanza ziko kwenye kila kituo cha afya. Kadi ya ukuaji ndiyo kipimo cha kwanza, na ni bure. Ugonjwa wa Crohn hasa hupenda kuonekana kwenye urefu na uzito kabla ya kuonekana kwenye choo, na wapo watoto wasiohara kabisa: wanadumaa tu, wana homa zisizo na sababu, hawana hamu ya kula. Kipimo cha pili ni macho ya daktari. Mtoto avuliwe nguo, na njia ya haja kubwa itazamwe. Ngozi inayoning'inia, mpasuko usiopona au kitundu kinachotoa usaha ni ushahidi mkubwa, na daktari asiyetazama hawezi kuujua. Mdomoni huweza kuwamo vidonda vinavyorudiarudia. Vifundo vya miguu huuma, macho huwa mekundu.

Damu nayo inasema, hata katika maabara ya wilaya: wekundu wa damu umepungua, chembe sahani zimepanda, kipimo cha mchochota (ESR) kiko juu, protini ya damu (albumini) imeshuka. Choo kioteshwe maabara badala ya kutazamwa tu. Kipimo cha VVU kifanywe, na cha kifua kikuu. Mtoto mchanga mwenye michirizi ya damu ajaribiwe kwanza kuondolewa maziwa ya ng'ombe, yakiwamo yale anayokunywa mama anayenyonyesha, kwa kuwa mzio wa maziwa hayo ni wa kawaida zaidi katika umri huo. Penye kipimo cha kalprotektini, protini inayoachwa chooni na chembe nyeupe za damu, kitumike kwa uangalifu, maana kwa watoto wa chini ya miaka 4 huwa juu hata wakiwa wazima, na maambukizi pia huipandisha. Baada ya hayo ndipo rufaa kwa kamera na kinyama, juu na chini, kama vigezo vya madaktari wa watoto wa Ulaya vilivyowekwa Porto vinavyoelekeza.

Na dawa zipo nyingi kuliko wanavyosema wakata tamaa. Sulfasalazini, prednisoloni na azathioprini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2019 iliongezwa humo adalimumabu, na Crohn ni mojawapo ya magonjwa yaliyotajwa. Ni ghali, ni kweli. Lakini tiba inayopendekezwa kwanza kwa watoto wengi wenye Crohn, baada ya maambukizi kuondolewa shaka, ni lishe: maziwa maalumu yenye virutubisho vyote, yakinywewa peke yake bila chakula kingine kwa wiki 6 hadi 8. Takriban watoto wanane kati ya kumi hutulia kwa hayo, na tofauti na prednisoloni hayazuii mifupa kurefuka. Wataalamu wa lishe katika hospitali zetu wanajua kulisha watoto kwa maziwa ya tiba. Wamekuwa wakiwarudishia uhai watoto wa utapiamlo miaka yote.

Kinachokosekana kabla ya yote ni daktari kuliwazia jina la ugonjwa. Watu wazima wakicheleweshewa utambuzi huteseka, lakini urefu wao wameshaupata. Mtoto anakua kwa miaka iliyohesabika, na sentimita alizozikosa kabla ya kubalehe kumalizika hazirudishwi na dawa yoyote itakayopatikana baadaye. Wizara za afya za Afrika Mashariki zinapaswa kuandika katika miongozo yao sentensi moja fupi: mtoto anayehara damu zaidi ya wiki nne, au aliyetibiwa maambukizi mara mbili bila kupona, au anayehara damu na uzito unashuka, apewe rufaa kwa daktari bingwa wa watoto.

Mzazi asingoje sentensi hiyo iandikwe. Kama daftari la mtoto wako lina neno amiba mara mbili au tatu na damu bado inatoka, peleka kadi ya ukuaji pamoja na daftari, ufungue kurasa zote mbele ya daktari, useme tarehe damu ilipoanza na mara ngapi mtoto huamka usiku. Mwombe amtazame mwili mzima. Kisha mwombe kwa heshima kwamba ukurasa wa sita, safari hii, uandikwe rufaa.